Nguzo za chini kwanza, vioo baadaye

"Kuimarisha ghorofa la zamani lihimili tetemeko ni gharama sawa na kujenga jipya, kwa hiyo tuliache lilivyo." Kauli hiyo nimeisikia juzi kwenye kikao cha wapangaji, kutoka kwa mwenye jengo aliyetoka kuweka vioo vipya na vigae vya bei mbaya upande wote wa barabarani. Nilirudi nyumbani na hasira, na mpaka leo hazijaisha.

Wakazi wa Dar tunakumbuka usiku wa tarehe 12 Agosti 2020. Tetemeko lilikuwa huko baharini, ukubwa wa 6.0, likatutikisa likapita, na kesho yake ikawa stori ya kuchekesha kwenye simu. Bukoba hakuna aliyecheka tarehe 10 Septemba 2016. Lile lilikuwa 5.9, dogo kuliko letu, ila lilipiga karibu na watu na likaua 17. Najua nitajibiwa kwamba nyumba nyingi zilizoanguka kule ni za tofali na udongo, siyo maghorofa ya zege. Ni kweli, nakubali. Lakini maghorofa yetu yanaanguka hata ardhi ikiwa imetulia. Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar, Machi 2013, walikufa watu 36. Kariakoo, Novemba 2024, tukafukua watu kwa siku kadhaa. Hapo ardhi haikutikisika hata kidogo.

Hoja yangu ni hii: hakuna mhandisi makini anayekwambia uimarishe jengo zima. Kazi yenyewe ni kutafuta sehemu chache ambazo ukizishika, jengo halikai chini kwa mkupuo.

Angalia maghorofa yetu ya mjini. Juu ni vyumba, kila upande kuta za tofali. Chini ni maduka, na kuta zimeondolewa ili mteja aone bidhaa. Juu pamekakamaa, chini zimebaki nguzo tupu. Ardhi ikienda kushoto na kulia, karibu mtikisiko wote unamalizikia kwenye ile ghorofa ya chini, na zile nguzo ndizo zinazopinda. Uturuki iliyaona haya tarehe 6 Februari 2023: majengo mengi ya aina hiyo yalikaa chini, slabu (sakafu ya zege) juu ya slabu, na zaidi ya watu 50,000 wakafa nchini humo.

Sasa ingia ndani ya nguzo yenyewe. Nondo za kusimama ndizo kila mtu anazihesabu, lakini roho ya nguzo wakati wa tetemeko iko kwenye ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kuzifunga nondo hizo pamoja. Fundi akiziweka mbalimbali ili kuokoa chuma, au akikunja ncha zake pembe mraba tu badala ya kuziingiza ndani kabisa ya zege, mambo huenda hivi: mtikisiko unabandua zege la nje, ncha zinafunguka, ringi inaachia, nondo zinatoka nje zimepinda, na zege la katikati linasagika likiwa limebeba ghorofa zote za juu. Pabaya zaidi ni pale nguzo inapokutana na boriti. Pale kufunga ringi ni kazi ngumu, mkono haupiti, na fundi anayelipwa kwa siku anaruka. Nimesimama saiti na kuona maungio ya namna hiyo yakimwagiwa zege bila ringi hata moja.

Dawa inajulikana. Nguzo inavishwa koti la zege lenye ringi mpya za kubana, au inafungwa kwa vyuma, au inazungushiwa kitambaa cha nyuzi za kaboni kilicholowekwa gundi. Pengine unaongeza ukuta wa zege kuanzia kwenye msingi kwenda juu. Swali ni wapi na kiasi gani, na hapo ndipo hesabu inapookoa pesa. Mhandisi anaweka jengo lote kwenye kompyuta, analisukuma pembeni kidogokidogo, anaona nguzo ipi inakata tamaa kwanza. Anaiimarisha, anasukuma tena. Siku hizi programu zinajaribu maelfu ya mipangilio zenyewe na kutafuta ule wa gharama ndogo unaofikia usalama unaotakiwa. Badala ya kugusa kila nguzo ya kila ghorofa, unaweza kukuta kazi kubwa iko kwenye nguzo za chini na kuta mbili tatu. Hiyo bei haiwezi kulingana na ya jengo jipya.

Nakiri kwamba ukikurupuka unaweza kuharibu zaidi. Ukuta mpya uliowekwa upande mmoja tu unalifanya jengo lijizungushe linapotikisika. Ukiikakamaza sana ghorofa ya chini, balaa linapanda kwenye ghorofa ya kwanza. Na nguzo isiyo na msingi wa kutosha haiponi kwa kuvishwa koti. Ndiyo maana nataka mhandisi aliyesajiliwa aitwe kabla ya fundi, siyo baada ya ufa.

Pesa ni kweli hazitoshi kila jengo. Los Angeles, pamoja na utajiri wake, ilipopitisha sheria mwaka 2015 iliwapa wenye majengo ya zamani ya zege miaka 25 wamalize. Sisi tuanze na hospitali, shule za ghorofa, kisha majengo yenye maduka chini na watu wanaolala juu. Na tuanze kwa kupima tu. Kuna kifaa kinachopitishwa juu ya plasta kikaonyesha nondo ziko wapi na ringi zimeachana kiasi gani, bila kuvunja kitu. Hakuna mpangaji anayelazimika kuhama kwa ajili hiyo, na hakuna duka linalofungwa.