Fundi wa TikTok, mgeni wa barua pepe

Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky aliandika makala iliyowagawa watu mafungu mawili: vijana ni wenyeji wa teknolojia, wakubwa ni wahamiaji. Mgawanyo ule umetukaa vichwani. Printa ikigoma ofisini, anaitwa kijana wa fildi. Shangazi akishindwa kutuma picha, anaitwa mtoto.

Juzi nilikuwa steshenari moja ya mtaani kwetu, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Foleni nzima vijana, kila mtu na simu janja yake. Aliyenitangulia, katika kusubiri tu, alikata video, akapachika muziki na maandishi, akairusha TikTok. Zamu yake ikafika.

"Cheti umeskani?"

"Ndiyo."

"Kiko wapi?"

"Kwenye simu."

"Kwenye simu wapi?"

Akaanza kupekua picha za WhatsApp, moja moja. Barua pepe anayo, alifunguliwa na steshenari nyingine alipomaliza kidato cha nne. Neno la siri halijui.

Kumcheka ni rahisi, lakini ile video ni kazi ya kweli. Zamani ungemlipa mtu wa studio. Wanaowasifu vijana wana hoja pia: hawaogopi kubonyeza. Baba yangu simu ikimletea ujumbe asiouelewa, anaizima.

Ila kutoogopa si kujua. Simu imeundwa ikufiche mahali vitu vinapokaa, ndiyo maana mtu anaweza kuitumia miaka mitano asijue folda ni nini. Wala si shida yetu peke yetu. Utafiti wa kimataifa wa ICILS wa 2018 uliwapima wanafunzi wa darasa la nane ujuzi wa kutumia kompyuta katika nchi kama Ujerumani, Denmark na Korea Kusini. Waliofika ngazi ya juu kabisa walikuwa, kwa wastani, asilimia 2. Hao wana kompyuta shuleni. Kwetu, wapo wanaoishika kipanya mara ya kwanza wakiwa chuoni.

Kinachonikera ni kwamba sifa hii ya "vijana wanajua" imekuwa kisingizio cha kutowafundisha. Chuo kinasema jazeni mtandaoni, mwajiri anasema tuma kwa PDF, basi. Wakati huohuo mama anayeuza nyanya hapa jirani, asiyejua TikTok, anapokea na kulipa kwa simu kutwa nzima. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anaucheka na kuufuta. Alijifunza kwa sababu mtaji wake umo humo, na wakala alimwelekeza kwa uvumilivu hadi akaelewa. Umri wake haukuhusika.

Yule kijana wa kwenye foleni alifunguliwa barua pepe mpya. Mwenye duka akachukua daftari la shule lililochakaa, akaandika jina lake na neno la siri chini ya mengine mengi.

"Ukisahau, rudi," akamwambia, akaita anayefuata.