Shemeji Apunguza Uzito

Shemeji yangu si bahili. Naomba hilo lieleweke mapema, maana dada yake ndiye mke wangu na haya atayasoma. Shemeji ni mtu wa hesabu. Kila akijaza mafuta huandika kwenye daftari lita zilizoingia na kilomita zilizopita, hugawanya, halafu hununa hadi safari ijayo.

Mwanzoni hata mimi nilimuunga mkono. Ile keria ya juu ya gari, ambayo tangu gari linunuliwe haikuwahi kubeba hata mkeka, aliifungua akaitupa stoo. Hapo alikuwa sahihi kabisa. Vyuma vile hupigana na upepo bure, na upepo hauna huruma: ukiongeza mwendo mara mbili, wenyewe unakuzuia mara nne. Akalipeleka gari likapigwa alaimenti, kwa sababu lilikuwa linavuta upande mmoja na kula matairi kwa ndani. Safi. Akabadilisha na filta ya hewa, ingawa kwa injini za siku hizi zinazoongozwa na kompyuta, filta chafu hukunyima nguvu zaidi kuliko kukulia mafuta. Si neno, usafi ni usafi. Angeishia hapo, ningekuwa sina la kusimulia.

Lakini mtu akishaonja kuokoa haachi. Siku moja akasoma kwamba tairi lenye upepo pungufu hunywesha gari mafuta. Ni kweli. Tairi legevu hujikunja kila linapozunguka, hupata joto na kulika mabegani, na injini ndiyo inayolipia mkunjo huo. Mtu mwingine angefungua mlango wa dereva, akatazama kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango, akakuta kiasi cha upepo ambacho gari linataka, 33 psi, akajaza 33, akaenda zake. Shemeji aliona kibandiko kimeandikiwa watu wasio na malengo. Akainama, akasoma ubavuni mwa tairi, akakuta 51 psi.

"Umeona, shemeji? Kiwanda chenyewe kimeruhusu."

Nikamwonyesha neno lililotangulia hiyo 51, lile linalosema kwamba hapo ndipo kikomo, si kipimo. Akaniambia kikomo huwekwa ili mtu akifikie. Akajaza yote manne. Kuanzia siku hiyo, gari lile likipita juu ya njugu, abiria wote wanajua.

Basi ikafika siku ya kumpeleka mama mkwe kwa mdogo wake, safari ya saa kadhaa. Jioni ya kuamkia safari, mama akaniita pembeni, akashusha sauti.

"Mkwe, huyu mtoto ametoa tairi la akiba kwenye gari. Nimeliona stoo, nyuma ya ile keria."

"Kwa nini, mama?"

"Anasema lina uzito."

Tairi lenyewe lilikuwa yale membamba ya dharura, jepesi kuliko begi langu. Kwa makadirio ya Idara ya Nishati ya Marekani, kilo 45 za ziada hukuongezea ulaji wa mafuta kwa takriban asilimia 1. Piga mwenyewe hesabu ya kitairi kile. Usiku mimi na mama tukalirudisha kwenye buti kwa siri, tukalifunika blanketi. Nikalala nikijiona mlinzi wa familia.

Asubuhi nikakuta mizani ya kupimia watu imewekwa mlangoni. Mabegi yakapimwa. Viatu vyangu vya pili vikabaki. Mwavuli ukabaki. Kitabu nilichotaka kusoma njiani kikabaki, nikaambiwa nitafute chembamba. Zamu ya mama ikafika. Shemeji akaonyesha mizani kwa adabu zote, bila kutamka neno. Mama akamtazama.

"Mimi nilikubeba miezi tisa bila kukupima."

Akaingia garini.

Tukaondoka vioo vimefungwa na kiyoyozi kimezimwa. Shemeji alikuwa na sababu kwa kila kimoja: kiyoyozi kinakula mafuta, na kioo wazi kinaingiza upepo unaovuta gari nyuma. Zote mbili ni kweli. Ndiyo maana watu wenye akili zao wakiwa mjini kwa mwendo mdogo hufungua vioo, na wakiwa barabara kuu hufunga vioo wakawasha kiyoyozi. Kufunga vyote kwa pamoja sijui alikitoa wapi. Jasho la mama likaanza kutiririka, na mimi nikawa najipepea kwa bima ya gari.

Njiani tukakuta lori. Macho ya shemeji yakang'aa. Akalisogelea, akazidi kulisogelea, mpaka sisi wa ndani tukawa hatuoni barabara, hatuoni mbingu, tunaona bodi tu.

"Linapasua upepo kwa niaba yetu," akasema.

Mama akasoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa mbele ya pua zetu. "Baba, hapa wameandika KAA MBALI."

"Hiyo ni kwa wasiojua fizikia, mama."

Fizikia hiyohiyo ndiyo inayosema kwamba lori likifunga breki ghafla hutakuwa na nafasi hata ya kusema samahani, lakini niliona si wakati wa kuisoma yote. Tukaenda hivyo, tumeng'ang'ania mkia wa mtu tusiyemjua, tukinusa moshi wake. Ulipoanza mlima lori likachoka, na shemeji, kwa uchungu mkubwa, akakanyaga mafuta akalipita. Nilimsikia akihema kila mshale ulipopanda.

Kileleni uso wake ukabadilika. Mbele yetu kulikuwa na mteremko mrefu, mzuri, mtupu.

Akakanyaga klachi. Akatoa gia. Akazima gari.

Ukimya ukaingia. Ilisikika tu miluzi ya upepo na mama akitaja majina ya marehemu wa ukoo wake.

"Shemeji, umezima?"

"Bure, shemeji! Hizi kilomita zote ni za bure!"

Nilimshukuru Mungu kwa jambo moja, kwamba ufunguo aliurudisha nusu tu. Angeurudisha mpaka mwisho na kuuchomoa, usukani ungejifunga na tungeendelea na safari kwa kunyooka, kona iwepo isiwepo. Lakini hata hivyo usukani wenyewe ulishakuwa mzito, kwa sababu nguvu inayousaidia hutoka kwenye injini. Breki nazo ni hivyohivyo. Zina msaidizi wake, lile bakuli la ombwe mbele ya pedali. Injini ikizimwa, msaidizi huyo hubakiwa na pumzi ya kukanyaga mara mbili tatu, halafu anaaga. Shemeji pumzi ya kwanza aliitumia kwenye kona. Ya pili aliitumia kwa sababu mama alipiga kelele.

Ndipo likatokea shimo.

Nisimwonee: alijitahidi. Aliukumbatia usukani kwa mikono yote miwili, akasimama juu ya breki makalio yakaachana na kiti. Pedali haikushuka. Gari likasogea upande kidogo, kwa heshima tu, halafu tukaingia. Tairi la mbele likaruka likapona. La nyuma, lililojazwa hadi kikomo na lisilo na pa kubonyea, likapokea ukingo wa shimo kwa ubavu. Ule mlio bado nausikia mtu akifunga mlango kwa nguvu.

Tuliposimama, ubavu wa tairi ulikuwa umepasuka mpana wa kuingiza kidole. Hapo hakuna fundi wa pancha, ubavu hauzibwi. Shemeji akazunguka gari, akashika kichwa, akakaa chini.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya mtu anayetubu, "kuna kitu sikukwambia. Tairi la akiba nimeliacha nyumbani."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo tangu alfajiri. Nikatembea taratibu mpaka nyuma, nikafungua buti, nikavuta blanketi. Mama akapiga makofi. Shemeji machozi yakamlengalenga, akanikumbatia, akaniita kaka.

"Haya, lete jeki," nikasema.

Akaniachia. Akatazama chini.

"Jeki nayo ilikuwa na uzito."

"Spana?"

Hakujibu.

Tukabaki tunalitazama tairi, nalo linatutazama. Baada ya muda tukasikia ngurumo inashuka polepole, kwa gia nzito. Lilikuwa lori letu. Likapita kidogo, likasimama. Akashuka dereva, mzee mfupi mwenye kofia, na utingo wake, kijana ambaye alipokanyaga chini lori liliinuka.

"Shikamoo, mama," dereva akaanza na mama. Kisha akatugeukia sisi. "Ninyi ndio mliokuwa mmening'inia mkiani kwangu?"

Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa. Wakaleta jeki yao. Ni jeki ya chupa, ya kuinua tani nyingi, na gari letu lilivyolala upande mmoja, hata ikiwa imeshushwa yote haikuingia chini. Utingo akaleta koleo, akachimba shimo, akaizamisha jeki humo. Gari likapanda. Tukafurahi. Wakaleta spana: kubwa, ya nati za lori, ikazunguka juu ya nati zetu bila kugusa upande wowote. Ikabidi tusimamishe gari dogo lililokuwa likipita. Dereva wake alipoteremsha kioo, ubaridi wa kiyoyozi chake ukatupiga usoni, na mama akabaki ameegemea dirisha lile muda mrefu kuliko salamu zilivyohitaji. Wao walikuwa na spana ya msalaba. Na jeki. Na tairi zima la akiba. Na mizigo mpaka darini.

Mwenye lori alikuwa akipapasa matairi yetu yaliyobaki. Akaligonga moja kwa ngumi.

"Mzee, hili umelijaza mpaka linalia kama ngoma. Nani kakwambia?"

"Imeandikwa hapo, 51."

"Hapo ni mwisho wake. Gari lako linataka ngapi?"

"Thelathini na tatu," akajibu mama kutoka dirishani kwa watu.

"Basi. Tena upime asubuhi, tairi likiwa baridi, maana likishatembea upepo wake hupanda wenyewe. Ukizidisha hivi linakula katikati, pembeni limebaki jipya, unalitupa kabla ya siku zake. Na shimo dogo tu, umeona."

Utingo naye alikuwa amelishika kitairi chetu cha dharura. Akasoma tarakimu nne zilizopigwa ubavuni, 1412. "Hili limetengenezwa wiki ya 14, mwaka 2012," akasema, akalibonyeza kwa dole gumba. Dole likazama. Halikuwa na upepo wa maana tangu litoke kiwandani. Akageuza upande wa pili, akasoma tena, akaanza kucheka mpaka akakaa juu ya koleo. Kitairi kilikuwa kimeandikwa kijazwe 60.

"Makubwa yanataka 33 umeyapa 51," dereva akasema pole pole, akihakikisha ameelewa. "Hili dogo peke yake ndilo linalotaka 60, na hukulipa kitu."

Shemeji akaomba maji ya kunywa.

Lori lina mitungi ya hewa kwa ajili ya breki zake, kwa hiyo wakavuta mpira wakakijaza kitairi palepale. Yale mengine wakayapunguza. Shemeji, ambaye kila jambo kwake ni hesabu, akashindwa kujizuia.

"Hili lori linakula kiasi gani?"

"Nikiwa na mzigo, lita 35 kwa kilomita 100. Mlima ukizidi, 40."

Nilimwona akipepesuka. Nadhani hapo ndipo alipoumia kweli, kuliko kwenye shimo.

"Ndiyo maana siwezi kuchezea," dereva akaendelea. "Natazama mbali. Nikiona mbele wamesimama, naachia mafuta mapema, nafika wameshaanza kwenda. Breki naitunza, na tairi naitunza. Na mteremkoni siweki frii hata siku moja, sembuse kuzima. Ukiwa ndani ya gia ukaachia mafuta, kompyuta inafunga mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Hainywi hata tone. Ukiweka frii ndiyo inalazimika kunywa ili isizime."

"Kwa hiyo ningeacha kwenye gia..."

"Ungeshuka bure. Na usukani unao, na breki unazo."

Shemeji akatazama juu kule kileleni tulikotoka, kisha akatazama shimo. Midomo ilikuwa inasogea, alikuwa anagawanya.

Tulipofunga nati ya mwisho tukamtafuta mama. Hakuwa garini. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele cha lori, kioo wazi, kitambaa cha kichwani kinapepea, mkoba mapajani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa mdogo wangu. Huyu baba anapita kulekule, nimeshamuuliza." Akajifunga mkanda. "Si ulitaka gari jepesi? Nimekupunguzia."

Kabini ya lori ilikuwa na viti viwili tu. Kwa hiyo utingo, mwili wake wote na koleo lake, akaja kwetu. Alipokaa kiti cha nyuma, mbele ya gari ikanyanyuka mimi na shemeji tukaanza kutazama mawingu. Shemeji akashika usukani, akavuta pumzi, akatia gia. Kitairi cha dharura hakiruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na lori la mama lilikuwa limeshatoweka kwenye kona.

Utingo akafuta jasho, akatazama vioo vilivyofungwa, akamgusa shemeji begani.

"Bosi, washa kiyoyozi."

Shemeji akawasha.