Sheria ya 2013 haikulazimisha kanisa lolote
Kusema kwamba sheria ya 2013 iliyohalalisha ndoa za jinsia moja England na Wales iliyalazimisha makanisa kuzifungisha ni kuigeuza juu chini. Kanisa linaloridhia hupitia hatua mbili: kwanza chombo chake kikuu kitoe idhini, kisha jengo lenyewe lisajiliwe kwa ndoa hizo. Hata hapo, mchungaji akikataa hashtakiwi kwa ubaguzi. Wamethodisti waliridhia mwaka 2021 tu, na kila usharika bado unaamua wenyewe kuhusu jengo lake. Kwa Kanisa la England, la Waanglikana, mlango huo haupo, na sababu yake wengi hawaijui: kasisi wa parokia ana wajibu wa kisheria kuwafungisha ndoa wakazi wa parokia yake, hivyo bila kinga maalumu angebanwa. Bunge likaandika wazi kwamba wajibu huo hauhusu ndoa hizi. Sala ambazo kanisa hilo liliziruhusu Desemba 2023 ni za kuwaombea wapenzi wa jinsia moja ndani ya ibada ya kawaida, haziwaozeshi. Walio kwenye sharika za Wamethodisti huko, wasimamizi wenu wameshapiga kura kuhusu jengo?