Vitamini D kwa wagonjwa wa saratani ya ngozi: losheni inasingiziwa

Aliyeondolewa saratani ya ngozi huambiwa akwepe jua kali, avae kofia na mikono mirefu, ajipake losheni ya jua. Baadaye akipima damu na vitamini D ikaonekana iko chini, mshtakiwa wa kwanza ni losheni. Hoja yenyewe si ya kipuuzi. Ngozi hutengeneza vitamini hiyo kwa miale ya UVB, aina moja ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na losheni ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kinga) huzuia takriban asilimia 97 ya miale hiyo.

Ila hiyo 97 ni namba ya maabara. Hupatikana losheni ikipakwa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, na watu wengi hupaka nusu ya hapo, wengine robo. Masikio husahaulika, shingo nayo, na wachache mno hujipaka tena baada ya kutokwa jasho. Miale inayopenya ni mingi kuliko kopo linavyodai. Watafiti wa Victoria, Australia, waliliangalia hili katika jaribio lililochapishwa 1995: kundi moja lilipaka losheni kiangazi kizima, jingine likapaka krimu isiyo na kinga. Vitamini D ilipanda kwa makundi yote mawili, kwa kiasi kinachokaribiana.

Tena jua la kutwa halina faida ya ziada. Baada ya muda mfupi, malighafi ya vitamini iliyotengenezwa ngozini hufikia kilele. Jua likiendelea huigeuza kuwa kemikali nyingine zisizo vitamini D. Kinachoendelea kuongezeka ni uharibifu wa DNA, chembe za urithi za seli, yaani kile kile kilichomleta mgonjwa kliniki. Haishangazi kwamba tafiti kadhaa zimekuta wenye saratani ya seli za basali, aina ya kawaida zaidi ya saratani ya ngozi, wana vitamini D nyingi kuliko wenzao: walipigwa jua sana.

Wanaostahili kuhojiwa zaidi ni wengine. Unene, kwa kuwa vitamini hii hujificha kwenye mafuta ya mwili. Uzee, maana ngozi ya mzee huzalisha kidogo, na saratani hii huwapata zaidi wazee. Majira ya baridi katika nchi za mbali na ikweta. Hata siku ya kupima ina neno: kiwango hushuka mwili unapopambana na jeraha la upasuaji, kwa hiyo damu iliyochukuliwa siku chache baada ya operesheni inaweza kudanganya.

Upande wa pili, wa wanaohofia vitamini D kuwa chini, una hoja nzito moja. Huko Leeds, Uingereza, utafiti wa 2009 wa wagonjwa 872 wa melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari zaidi kwa kusambaa, ulionyesha kuwa wenye vitamini D kidogo walikuwa na uvimbe mnene zaidi na matokeo mabaya zaidi. Haukuthibitisha nini kilitangulia. Majaribio ya vidonge nayo hayajaupa nguvu: jaribio la D-Health la Australia lilikuwa na wazee 21,315, likawapa nusu yao vitamini D ya IU 60,000 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini) kila mwezi kwa miaka mitano, na saratani za kawaida za ngozi hazikupungua.

Wapo wanaopungukiwa kweli: waliopandikizwa figo, wenye xeroderma pigmentosum (ugonjwa wa kurithi ambao ngozi haiwezi kurekebisha madhara ya jua), na wanaojifungia ndani kwa hofu. Hao wapimwe, wapewe vidonge. Kiwango cha vitamini D kinachopendekezwa Marekani, IU 600 kwa siku na 800 kwa waliozidi miaka 70, kilikokotolewa kwa kudhani kwamba mtu hapati jua la maana.