Kiluwiluwi wa samaki si gogo linaloelea

Panapozungumzwa kufunga mwamba, yaani kuuacha bila kuvuliwa, wavuvi wa Tanzania na Kenya huleta hoja moja nzito: tukifunga hapa, mayai yanachukuliwa na mkondo, na watakaovuna ni wa kaskazini. Njaa iwe yetu, samaki wawe wao.

Sioni sababu ya kuibeza. Mkondo wa mwambao wetu, mbele ya Tanzania, huelekea kaskazini mwaka mzima, na upepo wa Kusi ukikolea maji ya nje yanaweza kufikia kilomita 7 kwa saa. Kwa mwendo huo, kitu kinachoelea tu kingetoka usawa wa Tanga na kuipita Mombasa kabla siku haijaisha. Na viluwiluwi, yaani wachanga waliotoka kwenye mayai ya samaki wa mwambani, hukaa majini wiki kadhaa kabla ya kutafuta pa kutua. Piga hesabu mwenyewe uone wangefika wapi.

Ila hesabu hiyo inamchukulia kiluwiluwi kama gogo. Mimi hupenda kushusha tochi kwenye ngazi za gati usiku wa giza. Baada ya dakika chache maji hujaa vidudu vidogo kuliko punje ya mchele, miili kama kioo, macho meusi. Mwingine anakuja kwenye mwanga kwa kurukaruka, anageuka, anazama, anapanda tena. Mkondo ni ule ule kwa wote, lakini kila mmoja ana kina chake.

Na kina ndicho usukani wao. Maji ya juu na ya chini hayaendi kwa kasi moja, na mara nyingine hata upande si mmoja. Watazame kaa wa mikokoni: wengi huachia viluwiluwi wao usiku, maji yanapoanza kupwa, ili wasukumwe nje haraka. Wakishakua, huinuka maji yakijaa na kujibanza chini yakipwa, na hivyo hurudishwa mikokoni kidogo kidogo hata kama nguvu ya kuogelea hawana.

Samaki wanayo. Mwaka 1997 wanasayansi wa Australia waliwaweka viluwiluwi waliokaribia kutua kwenye maji yanayokwenda, bila chakula, wakaona wataogelea mpaka lini. Wengine walichoka baada ya kilomita 3 na ushei. Waliodumu zaidi walifikisha kama kilomita 94.

Takwimu ninayoirudia kila mara ni ya kisiwa cha Lizard Island, huko huko Australia, iliyochapishwa 1999. Watafiti walitia alama mayai zaidi ya milioni 10 ya samaki mmoja mdogo wa mwambani. Alama hukaa kwenye kijiwe cha sikioni, kile kinachoongeza pete kila siku. Baadaye wakakamata vichanga 5,000 waliotua hapo, wakakuta wenye alama 15 tu. Msomaji wa haraka atasema: si mnaona, wote wamechukuliwa! Subiri. Mayai waliyotia alama yalikadiriwa kuwa baina ya asilimia 0.5 na 2 ya yote yaliyotagwa kisiwani. Kwa hiyo nyuma ya kila kichanga mwenye alama wapo ndugu zake wengi wa hapo hapo wasio na alama. Ukikokotoa hivyo, asilimia 15 hadi 60 ya vichanga walikuwa wamezaliwa hapo hapo.

Kweli, samaki yule hubandika mayai kwenye jiwe na dume huyalinda, wakati chewa huyamwaga majini. Lakini hata kwa chewa majibu yapo. Katika visiwa vya Keppel, vilevile Australia, utafiti wa vinasaba wa 2012 ulionyesha kuwa maeneo yaliyofungwa, asilimia 28 tu ya miamba, yalizalisha karibu nusu ya vichanga wa chewa na jamii ya changu waliotua ndani ya kilomita 30. Wengi wao walitua kwenye miamba inayovuliwa. Kilomita 30 ni jirani yako unayekutana naye sokoni.

Anayenikwamisha ni kamba koche. Kiluwiluwi wake, bapa kama jani na mwangavu, huelea baharini miezi mingi. Kwake hoja ya wavuvi inasimama: kijiji kimoja kikifunga mwamba hakiwezi kujiahidi uzao wake, na ulinzi wake lazima upangwe na nchi zinazochangia mkondo mmoja. Kwa hiyo kamati ya kijiji ikikaa kupanga kufunga, swali la kwanza liwe ni mnyama gani anayefungiwa. Ahadi aliyopewa mvuvi wa chewa asipewe mvuvi wa kamba koche, maana akiisubiri misimu miwili bila kuona kitu, wa tatu hatakuja kikaoni.