Usiishie Kwenye Rula

Mwaka wangu wa kwanza wa kusoma baiolojia chuoni, Marekani, tulipewa trei mbili za miche ya Brassica rapa, spishi ileile ya chainizi tunayonunua kwa fungu sokoni Dar es Salaam. Hii ya maabara ni aina ya muda mfupi iliyozalishwa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison. Ukiiwashia taa usiku na mchana, huchanua baada ya wiki mbili hivi. Trei moja ilikuwa na mimea ya kawaida. Ya pili ilikuwa na mutanti: jeni moja imebadilika, na mmea haunyanyuki. Majani yamejipanga duara juu ya udongo kama sahani.

Tulipima kwa rula, tukakokotoa wastani, tukachora grafu. Ya kawaida mirefu, mutanti mifupi. Tukakabidhi ripoti. Nilitoka pale nikiamini kwamba mmea mfupi ni mmea mbovu, na imani hiyo nilikaa nayo miaka. Inaniuma mpaka leo.

Sasa nasaidia kufundisha mazoezi hayohayo, na nang'ang'ania trei nne. Kila aina igawanywe: nusu idondoshewe maji matupu kwenye majani, nusu maji yenye jiberelini, homoni inayorefusha shina. Baada ya siku chache mutanti aliyepewa homoni anaanza kujinyoosha. Pingili zinaachana, shina linapanda. Yule wa maji matupu yuko palepale. Swali la wanafunzi hubadilika lenyewe, kutoka upi ni mrefu hadi ulikuwa umekosa nini. Uwezo wa kurefuka mmea ulikuwa nao siku zote. Ulichopungukiwa ni homoni.

Rula haiwezi kukuonyesha hilo. Mpunga mfupi wa IR8, uliotolewa Ufilipino mwaka 1966, unatengeneza jiberelini kidogo. Ngano fupi za Norman Borlaug, mtafiti wa mazao aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1970, homoni zinayo ila haziiitikii ipasavyo. Uzimwagie utakavyo, hazirefuki vya maana. Ukipima urefu tu, mimea yote hiyo utaiandika neno moja: mfupi. Na ufupi huo ndio uliolisha watu, kwa sababu shina fupi hubeba masuke mazito bila kulala chini. Mwalimu anayemwacha mwanafunzi aandike "dhaifu" kwenye ripoti anamdanganya.

Nimeambiwa trei nne zinakula muda. Zinakula, ndiyo. Basi tupunguze grafu.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniita kwenye trei ambayo wengi huipita, ile ya mimea ya kawaida iliyoongezewa homoni. Ilikuwa imerefuka kupita kiasi, myembamba, imepauka, mingine imeinama. Aliniuliza kama ameikosea. Nikamsimulia habari za Eiichi Kurosawa, mtafiti Mjapani aliyekuwa Taiwan akichunguza ugonjwa wa mpunga unaofanya miche irefuke ovyo hadi ianguke. Mwaka 1926 alionyesha kwamba majimaji yaliyochujwa kutoka kwa kuvu wa ugonjwa huo, bila kuvu mwenyewe, yanatosha kuirefusha miche. Jiberelini ilipatikana kwa kufuata njia hiyo.

Kesho yake nilimkuta ameshafika kabla yangu, anapima unene wa mashina.