Kofi la Istanbul, Kesi Yangu Mbagala

Jamani, mimi sina ugomvi na Waturuki. Sijafika Istanbul, sijaoa kule, na wala sidaiwi na mtu. Lakini ikifika saa tatu usiku, makosa ya mwanamume wa kule naulizwa mimi, hapahapa Mbagala.

Juzi kijana wa kwenye tamthilia ya Kituruki kagundua baba yake ana familia nyingine mjini. Kasimama mlangoni, macho mekundu, muziki wa huzuni umejaa sebule yote. Mke wangu analia. Dada analia, mwiko mkononi. Jirani aliyekuja kuomba kitunguu naye analia, na kitunguu chenyewe hajapewa. Nikauliza, tena kwa adabu, kama ugali umeshasongwa.

Niliangaliwa jicho hilo!

"Nyie wanaume ndivyo mlivyo."

Nyie nani? Mimi hii familia moja tu inanikimbiza na ada, hiyo ya pili niilishe upepo?

Mama mkwe naye yumo. Huyu alikuja kutusalimia, na mpaka leo salamu hazijaisha. Yeye kasimama na mzee: "Mtoto hampandishii baba yake sauti, hata iweje." Mke wangu akamjibu. Sasa hawasemezani, na mimi ndiye tarishi. "Baba watoto, mwambie mama chumvi iko kabatini." Mama mwenyewe kakaa hapo, anasikia! Na mkwe ni mkwe, siwezi hata kumwomba asogee nione taarifa ya habari.

Basi yule mzee akainua mkono ampige mwanawe. Mkono ukaganda hewani, kamera ikazunguka sura zote, hadi ya mpishi, kipindi kikaisha. Kumbe kwao Uturuki sehemu moja hurushwa kwa wiki na huweza kupita saa mbili. Ikiuzwa nje hukatwakatwa vipande vifupi. Ndiyo maana kofi linainuliwa Jumatatu, linatua Jumatano. Jumanne yote kwangu ni matanga.

Msidhani haya yameanza leo. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilituletea tamthilia ya yule binti wa Kichina, Doudou, na mama wakwe zake wawili, wanagombana kwa Kiswahili fasaha kuliko changu. Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013, akautaja mchezo ule kwenye hotuba. Rais mzima! Mimi ninayeishi na mama mkwe ndani sijawahi kupewa hata kipaza sauti.

Kibaya zaidi ni lile swali la kabla ya kulala: "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Ukijibu haraka, ulishajiandaa. Ukichelewa, unatunga. Ukisinzia, una siri.

Na kifurushi cha kisimbuzi kinakata Jumatano yenyewe, siku ya kofi. Mke wangu, mama yake, dada na jirani wa kitunguu, watu wasiosikilizana hata juu ya chumvi, jana wamekaa kikao na kukubaliana kwa kauli moja kwamba mlipaji ni mimi.